Mmea Uliopewa Maji ya Mgeni

Kwa heshima na taadhima, mimi, Shem, Katibu wa Kudumu wa Kamati ya Ustawi wa Mmea, natangaza kuwa taasisi yetu hapa Thongpiny ndiyo ya kwanza mjini Juba kuupa mmea itifaki kamili. Wanaobisha wana wivu tu.

Mmea wenyewe tuliletewa na wafadhili. Ni ule mmea wa nyoka wa aina fupi, hauzidi shubiri, majani magumu yaliyobanana, kingo za manjano. Barua iliyokuja nao ilisema kuwa Madam Aluel, mkaguzi wa wafadhili, angekuja baada ya miezi miwili kuutazama. Mkurugenzi wetu, Mheshimiwa Gaetano, alielewa papo hapo kwamba anayekaguliwa si mmea, ni yeye.

"Huyu ni mgeni," akatamka kikaoni. "Na kwetu mgeni hupewa maji kwanza, ndipo huulizwa habari."

Nani angepinga? Tukaunda kamati ya watu saba. Kila mjumbe alipoingia ofisini alimimina maji kidogo chunguni, akatia sahihi daftarini. Mkurugenzi alitangulia kila asubuhi, maana itifaki ni itifaki. Maji yalipovuja na kuchafua zulia, tulikaa saa tatu nzima, tukaazimia kuziba tundu la chungu kwa saruji. Nilijivunia sana azimio lile.

Mpinzani alikuwa mmoja tu, Tisa, mama wa chai. "Ustaz," akaniambia, "hii kitu haipendi maji mingi. Udongo ikauke kabisa kwanza, ndio unapea. Na hiyo tundu fungua." Nikamweleza, kwa upole wa mtu aliyesoma, kwamba ushauri wa kitaalamu hupitia ngazi husika. Jikoni si ngazi.

Wiki ya tatu majani yakalegea, yakaanza kunuka. Kamati ikachunguza, ikagundua kiu. Tukaongeza maji. Mkurugenzi naye, kuondoa ubabaishaji, akatoa waraka nilioupiga muhuri kwa mkono wangu: mmea ukifa, mtunzaji wake ataondoka kituoni siku hiyohiyo. Kisha akaninong'oneza kwamba mtunzaji, bila shaka, ni Tisa. Maji si yanatoka jikoni?

Tisa anasomesha watoto watatu kwa kazi ile. Aliposikia hakulia. Aliomba tu ruhusa ya kuufuta mmea vumbi, nikaidhinisha kwa maandishi. Sikujua kwamba kufuta vumbi ni pamoja na kung'oa chipukizi lenye mzizi wake, kulipanda kwenye kopo la maziwa lililotobolewa kwa msumari, na kulijazia mchanga wa mtoni. Kopo lilikaa jikoni karibu na dirisha, penye mwanga lakini si jua kali. Niliwahi kuliona. Nilidhani ni vitunguu.

Siku ikafika. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mwenyeji wetu hakuandikiwa kupona. Tulikuwa tumeyafunga majani kwa uzi ili yasimame kwa heshima. Madam Aluel akagusa moja, likabaki mkononi mwake.

"Mtunzaji atawajibishwa leo hii," Mkurugenzi akasema upesi. "Waraka upo."

"Mtunzaji ni nani?"

Mkurugenzi alinyoosha kidole kuelekea jikoni. Bahati mbaya mimi, kwa ari ya kuonyesha bidii yetu, nilikwisha kumfungulia Madam lile daftari. Kila ukurasa, sahihi ya kwanza ni ya Gaetano.

"Na huu waraka unasema siku hiyohiyo?" akauliza.

"Siku hiyohiyo, Madam," nikajibu, maana niliujua neno kwa neno. Mkurugenzi alinitazama kwa namna ambayo sijaisahau.

Ndipo Tisa akaingia na sinia: glasi ya maji ya mgeni, chai, na lile kopo. Majani yalikuwa mafupi, yamekaza, kingo za manjano zinang'aa.

"Hii unaipa maji lini?" Madam akamuuliza.

"Nikishaisahau."

Mheshimiwa Gaetano sasa anasimamia ghala letu kule bandarini, ukingoni mwa Nile, ambako maji yapo ya kutosha. Tisa ndiye Mtunzaji Mkuu, na ufunguo wa ofisi anao yeye. Kamati haijavunjwa, la hasha. Tunakutana jikoni, tunaosha vikombe, na tunaruhusiwa kuutazama mmea tukiwa mlangoni.

Jana, kwa mazoea, niliupelekea glasi ya maji. Tisa akanizuia.

"Ustaz," akasema, "kunywa wewe."

Nikanywa.