Beringi za Gari la Bibi Harusi

Jumatatu, 15 Septemba
Gari langu linalia. Gurudumu la mbele kushoto. Likifika spidi arobaini linaunguruma, na kwenye kona ya soko wauza nyanya wote wanageuka. Gari la michezo, jekundu, milango miwili, rika langu, na hakuna lingine Babati nzima! Dada yangu Mama Naipei amekuja asubuhi. Amesema Jumamosi mwanawe anaolewa, na kama gari bado linalia, bibi harusi atapanda Noah nyeupe ya Hamdani muuza spea. Hamdani! Mimi ndiye mjomba. Nilimwahidi Naipei akiwa darasa la pili kwamba nitampeleka kanisani mwenyewe.

Jumanne, 16 Septemba
Fundi Paskasi ameinua gari kwa jeki, ametikisa gurudumu, amesema beringi zimekwisha. Ziko mbili, kubwa ya ndani na ndogo ya nje. Zinunuliwe mpya, zipakwe grisi inayostahimili joto, na nati ikishakazwa ilegezwe kidogo. Ilegezwe! Mtu mzima anakaza nati ili ailegeze? Halafu nikakumbuka: Paskasi hunywa chai kila siku kibarazani kwa Hamdani. Nimemshukuru, nimemwambia kazi nitaifanya mwenyewe.

Shida ni moja. Beringi za gari la zamani namna hii zinapatikana kwa Hamdani tu.

Jumatano, 17 Septemba
Nimekwenda dukani kwa Hamdani. Nimejifanya napita tu. Kanikaribisha vizuri, kaulizia watoto, kanipa kiti. Dalili mbaya. Akaweka aina tatu mezani. Za boksi la bluu, mpya, zenye namba. Za mfuko wa nailoni, mpya, hazina namba wala jina. Na za kopo la maziwa, zilizotolewa kwenye gari lililokufa. Akasema nichukue za boksi la bluu, kwamba hizo nyingine hata adui yake asingemfungia. Nikamkazia macho. Hakupepesa. Mtu anayetaka kumbeba bibi harusi wangu ananichagulia beringi!

Nimechukua za kopo. Akashangaa, akaniuliza mara mbili kama nina uhakika. Alivyozidi kushangaa ndivyo nilivyozidi kufurahi. Beringi iliyotembea miaka thelathini ina uzoefu, mpya hujui tabia yake. Akataka kuniongezea grisi bure. Nimeiacha hapo hapo mezani.

Alhamisi, 18 Septemba
Mambo yamenyooka! Baba mdogo Lemaron amefika kutoka Simanjiro kwa ajili ya harusi, na chupa mbili za mafuta ya mkia wa kondoo. Kwetu mafuta haya yanatibu kifua, mgongo na mtoto asiyelala. Grisi gani inafanya hayo? Nimempa shikamoo mbili, nikaomba chupa moja. Akauliza nani anaumwa. Nikasema gurudumu. Akasema nipake asubuhi na jioni.

Ijumaa, 19 Septemba
Nimefunga mwenyewe. Mafuta hadi kwenye viwiko. Nati nimeikaza mpaka nikaona nyota. Nimeendesha hadi mwisho wa uchochoro na kurudi: kimya! Jioni paka watatu wa jirani walikaa mbele ya gurudumu wakilitazama kwa heshima. Hata wanyama wanaijua kazi nzuri.

Jumamosi, 20 Septemba
Sijui nianzie wapi.

Tumetoka Nangara saa nne, Naipei pembeni yangu, maua kwenye boneti, Hamdani nyuma na Noah yake amebeba wapambe. Gari kimya. Machozi yalinilengalenga. Kilomita mbili mbele, harufu. Naipei akauliza kama wameanza kuchoma nyama mapema hivyo. Nikasema ndiyo, upande wa bwana harusi ni wakarimu. Kisha mbwa. Wawili, halafu saba, halafu nikaacha kuhesabu. Watu barabarani wakapiga vigelegele wakidhani ni sehemu ya msafara! Karibu na stendi ukatoka moshi, gurudumu likakwama, gari likavuta kushoto na kusimama mbele ya banda la chipsi. Mteja mmoja akaja na sahani yake, akauliza kama kuna mbavu.

Hamdani akashuka. Hakucheka. Akawafukuza mbwa, akamfungulia Naipei mlango wa Noah. Niliumia, sana. Nikabaki nimeshika usukani wa gari lisilokwenda. Naipei akatoa kichwa dirishani, akasema bila mjomba wake haendi popote. Nikapanda, nikakaa pembeni yake, nikinuka kondoo mpaka madhabahuni.

Jumapili, 21 Septemba
Mchana wamekuja Hamdani na Paskasi, wakilivuta gari langu kutoka stendi. Wamefunga beringi za boksi la bluu na grisi yao. Hamdani kasema ni zawadi ya harusi. Nimeendesha hadi ziwani na kurudi. Kimya, gurudumu baridi, hakuna mbwa hata mmoja.

Nikakaa nikatafakari. Mtu anatoa zawadi kama hiyo kwa nini? Lazima kuna jambo. Jioni nimezifungua zote, nimezipeleka Sigino kwa Mzee Elieza mkulima, naye kanibadilishia kwa beringi za trela la trekta lake. Nzito, chuma cha kweli! Zimezidi tundu la habu ya gurudumu langu kwa upana wa kidole tu, na tupa ya kulipanua nimeshaazima. Mzee mwenyewe anaoza binti mwezi ujao. Nimemwambia asihangaike kutafuta gari.