Unga wa Chupa

Jumatatu, 5 Mei 2025

Mwalimu Semboja ametangaza maonyesho ya sayansi, mwezi ujao, Korogwe. Darasa letu litapeleka tofali moja la zege na mwanafunzi aliyelitengeneza. Mwalimu ataweka kila tofali juu ya mawe mawili na kusimama juu yake. Litakalobaki zima ndilo litakalokwenda. Mwalimu Semboja si mwembamba.

Habakuki, mwenzetu darasani, ameanza kutuaga. Akanishauri mimi nijaribu mapishi.

Lakini mimi sikusinzia kipindi kile mwalimu aliposoma kwamba chupa zikisagwa laini kama saruji, zinaweza kushika nafasi ya saruji kwa sehemu moja ya tano. Saruji ni ghali, chupa zimetupwa kila mahali. Sijawahi kufika Korogwe, ingawa mama mdogo Hilaria anakaa huko tangu niko darasa la pili. Sasa nitafika!

Jumatano, 7 Mei

Nimeokota kiroba kizima nyuma ya kilabu cha pombe. Mama Agripina, kiongozi wa kwaya yetu, akanikuta. Akaniuliza, karibu kulia, nimeanza lini. Nikamweleza habari za zege. Akasema wote huwa na maelezo.

Nimeponda kwa jiwe jioni nzima, kanga puani. Nimepata nusu kikombe, tena chenga. Nikatupia jicho kinu. Bibi akakikumbatia.

Ijumaa, 9 Mei

Wazo kubwa: mashine ya kusaga ya mzee Hiza!

Nilimwamkia kwa goti. Akauliza ni mahindi au mtama. Nikafungua kiroba. Alikitazama muda mrefu, kisha akataka kujua ugali wake nitaula na maharage au na mlenda. Foleni nzima ikacheka.

Alikataa. Naandika wazi: ALIKATAA. Kiroba hakikuvuka hata kizingiti.

Jumapili, 11 Mei

Kijiji chetu kizima cha Mazingara kinasema mzee Hiza anasaga chupa. Mama Agripina anaapa kwamba ugali wake wa jana ulilia mdomoni. Na unga wake alisagia kijiji cha pili! Hakuna anayepeleka mahindi kwa mzee Hiza. Watu wanapakia magunia kwenye bodaboda, wanampita wakiwa wameangalia pembeni.

Mchana mzee Hiza akaja nyumbani. Akamwambia bibi kwamba aliyeileta aibu hii ataiondoa. Kuanzia kesho, kila jioni, nitakula ugali wa unga wake, mlangoni pa mashine, mbele za watu. Bibi akakubali kabla hajamaliza. Akauliza tu kama na mboga ipo.

Alhamisi, 15 Mei

Bado nakula. Watoto huja kuona kama nitatoka damu. Babu mmoja aliniomba nifungue mdomo, akachungulia, akasema mpaka sasa hajaona kitu. Mpaka sasa!

Hata hivyo leo kinamama watatu walirudi na mahindi. Mzee Hiza akatabasamu. Ndipo Habakuki akapita, akauliza kama haya ndiyo yale mapishi aliyonishauri. Kwa hasira nikameza tonge zima. Likanikaba. Nikakohoa, macho yakanitoka. Kinamama walibeba ndoo zao wakakimbia.

Mzee Hiza ameniongezea wiki nzima.

Jumamosi, 17 Mei

Hatimaye nimemimina tofali langu. Chupa nimeponda mwenyewe, nikachekecha kwa soksi. Unga haukuwa laini sana, lakini mkono una mwisho wake.

Sikuweka moja ya tano. Nimeweka nusu. Kama moja ya tano ni nzuri, nusu ni nzuri mara mbili na nusu. Hesabu ni hesabu.

Tatizo ni maji. Zege changa lazima limwagiliwe kila siku, na bomba letu linatoa maji likipenda. Bibi anasema kitu hiki kinakunywa kuliko mbuzi, na maziwa hakitoi. Nimeanza kuoga nikiwa nimesimama juu yake.

Jumatatu, 2 Juni

Siku mbaya.

Tofali la Habakuki, la saruji tupu, limebaki zima. Kisha likaja langu. Lilikuwa zuri! Linang'aa kijani kwa mbali. Mwalimu akapanda mguu mmoja. Likakaa. Nikaiona Korogwe. Akapanda mguu wa pili. Mlio kama wa biskuti, na mwalimu Semboja akawa amekaa chini na suruali yake ya Jumatatu.

Alipojifuta vumbi akaniuliza nimeweka kiasi gani. Nikasema nusu. Akauliza alifundisha ngapi. Nikasema moja ya tano. Hakukaripia. Alisema pole pole kwamba chupa haisimami peke yake, inahitaji saruji nyingi ya kushikana nayo, na yangu bado ilikuwa mchanga, si unga. Akaongeza kwamba lingekuwa la moja ya tano, laini, angelibeba hilo kwenda Korogwe na kuliacha la Habakuki.

Afadhali angenichapa.

Kisha akasema Habakuki anahitaji mtu wa kumsaidia kubeba tofali. Akanitazama mimi.

Jumatano, 4 Juni

Nimefika Korogwe! Tofali la Habakuki lilikaa mapajani mwangu safari nzima. Yeye alikaa dirishani.

Nimetubu. Pupa ndiyo iliyoniponza, na tofali jipya nitaliweka moja ya tano, basi. Au robo. Theluthi, kama unga utakuwa laini kweli.

Na utakuwa laini. Nyuma ya nyumba ya mama mdogo Hilaria kuna mashine ya kusaga. Mwenyewe ni mama mpole, na mji mzima huu hakuna anayenijua. Kiroba nimekuja nacho. Kondakta alipouliza kinacholia ni nini, nikamwambia ni vyombo vya harusi.

Kesho asubuhi nitakwenda kumwamkia, kwa goti. Juu ya chupa nimetandaza mahindi kidogo, ili asishtuke mapema.