Miezi Minne na Siku Kumi za Kubaki

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Sijapata kumwambia mtu: barua zote za benki nazisoma mimi kabla ya Baba. Mvuke wa birika, kisu cha siagi, gundi ya shule. Mwaka mzima! Ya leo ni nzito. Baba mwenyewe, kwa hiari yake, ameiomba benki iichukue nyumba yetu ya Nguvumali. Na benki imekubali! Afisa anakuja kesho kukagua, Ijumaa ni kusaini.

Kwa hiari! Nani anarudisha nyumba kama anarudisha sahani ya jirani? Na chumba changu je? Nimekingoja miaka kumi na sita.

Baba hajanieleza kitu. Kaniuliza tu kama vitabu vyangu vitaenea boksi moja. Nikasema havienei.

Mama ni nesi, yuko Amani kikazi mpaka mwisho wa mwezi. Shangazi Fakhria, dada yake Baba, yuko hapa lakini hafai: jino limemvimbisha shavu, kajifungia chumbani analia. Basi ni mimi. Nina haya, lakini akili ninayo.

Jumanne, 9 Septemba
Ushindi! Saa nne afisa kabisha hodi. Bwana Tadeo, mrefu, kofia mkononi. Baba kaenda Muheza kutafuta nyumba ya kupanga, harudi mpaka Alhamisi. Nikafungua mlango, Kiswahili chote kikanikauka kinywani. Nikiona haya huwa naandika, tena Kiingereza. Kiingereza hakina shikamoo, na hakimjui mama yangu.

Mara Shangazi akaugua kule chumbani. Uuuwi! Wazo likaja hapo hapo! Nikararua karatasi, nikaandika kwamba shangazi yangu kafiwa na mume, yuko edani, na dini yetu haimruhusu mjane kuhama nyumba mpaka itimie miezi minne na siku kumi.

Bwana Tadeo akasoma mara mbili. Akanong'ona pole sana, akauliza marehemu aliugua? Nikaitikia kwa kichwa. (Kichwa kimesema uongo, mdomo wangu safi.) Akaondoka ananyata.

Mpaka Januari! Nimeruka kitandani mpaka chaga ikalia.

Dosari moja tu. Msafiri, mume wa Shangazi, ni mzima. Dereva wa lori, wiki hii yuko Horohoro mpakani. Lakini Horohoro si mlango wa pili.

Jumatano, 10 Septemba
Bwana Tadeo ana adabu kupita kiasi! Jana alipotoka alimwuliza jirani yetu Bi Mwanasiti, kwetu rambirambi hupelekwaje. Bi Mwanasiti ndiye kiongozi wa kikundi cha mazishi. Saa mbili asubuhi: mikeka, masufuria matatu, akinamama kumi na wanane. Akanifokea: sisi watu gani tunaozika kama tunafukia paka? Nikaangalia vidole vyangu vya miguu.

Shangazi akatoka, shavu limefungwa khanga. Wakamwangukia, wakalia. Mdomo wake haufunguki, naye akazidi kulia kwa maumivu. Wakasema jamani, alivyompenda! Bi Mwanasiti akamvua bangili, akamfichia na udi. Mjane hajipambi.

Shangazi akanivuta pembeni. Akasema, meno yameumana, kwamba watu wa Nguvumali wana imani jamani, mtaa mzima kwa jino moja! Ila wamrudishie bangili zake.

Nampenda Shangazi.

Alhamisi, 11 Septemba
Ole wangu. Mama mmoja wa kikundi kapiga simu ya marehemu ili awape pole wenzake wa kazini. Marehemu kapokea.

Adhuhuri lori likasimama mlangoni. Msafiri akaingia, kafura. Bi Mwanasiti akaangusha birika. Shangazi kwa mshtuko akapanua mdomo, jipu likapasuka, na sauti ikarudi yote! Jina la kwanza kulitamka lilikuwa langu.

Msafiri akauliza nani kafa. Wakamwambia ni yeye. Akakaa mkekani, akapakua wali, akasema kama hii ndiyo hitima yake basi nyama mbona wamembania.

Ningecheka. Lakini Baba kasimama mlangoni na Bwana Tadeo, karatasi yangu mkononi mwa Baba.

Bwana Tadeo akaeleza taratibu. Taarifa yake ya eda imefika juu, na jibu limetoka: isiposainiwa kesho, makubaliano ya hiari yamekufa. Nyumba itapigwa mnada, na deni litakalobaki litamfuata Baba mpaka dukani kwake.

Sikujua. Barua ilikuwa na ukurasa wa pili, na mimi nilikuwa nimeshaanza kulia, sikuufungua.

Baba hakunipiga. Akasema, mwanangu Siham, nairudisha kwa mkono wangu ili isije ikanadiwa kwa kipaza sauti mbele ya wenzako. Kisha akakaa kwenye ngazi, viatu mkononi.

Afadhali angenipiga.

Ijumaa, 12 Septemba
Alhamdulillahi! Bwana Tadeo kafuta taarifa yake, kaandika nyingine, kambembeleza mkuu wake. Baada ya swala Baba kasaini. Deni lote limekwisha! Katabasamu kwa mara ya kwanza tangu Ramadhani. Tuna ruhusa ya kukaa mpaka tarehe thelathini.

Adhabu yangu: nyumba kumi na nane, kurudisha rambirambi na kuomba radhi. Kwa mdomo! Kwa Kiswahili! Shikamoo kumi na nane!

Jumamosi, 13 Septemba
Nimemaliza! Nimetubu kabisa. Nimeona kosa langu lilikuwa wapi: nilichagua marehemu mwenye simu.

Nyumba ya kumi na nane ilikuwa ya Bi Mwanasiti. Binti yake, Tausi, ndiye aliyenifungulia. Mzuri, mpole, hajaolewa. Na ami yangu Rahimu wa Pangani ni kapera! Sasa, bibi harusi akiwa ndani kwa fungate, nani atathubutu kumtoa? Siku saba! Ndoa tarehe ishirini na tisa, hapa hapa kwetu, chumbani kwangu. Hakuna anayekufa. Watu wote wanafurahi!

Rahimu na Tausi hawajuani bado. Hilo ni dogo. Barua ya Bwana Tadeo nimeshaianza, na Kiingereza chake kimetulia kuliko cha juzi, nimeweka hata

Ndara za Baba. Zimepita jikoni. Zinakuja huku. Chini ya godo