Vita vya Mgongo Wangu na Kigari cha Magurudumu Mawili

Sikilizeni, enyi mlioketi na mliosimama, mlioshiba na mnaosubiri kuitwa mezani! Zimeni redio, nyamazisheni watoto, na mwenye kikohozi akakohoe nje kisha arudi. Maana nawaletea habari ya siku ambayo dunia haikuipigia mizinga wala serikali haikuipa mapumziko, ingawa kwa haki ilistahili vyote viwili: siku ile mimi, Bawabu wa Lango Kuu la kiwanda cha mabati, Mfungua Minyororo, Mla Vumbi la Magari ya Wakubwa, nilipopanda kilima juu ya kigari cha magurudumu mawili, mkoba wa kike shingoni, nisianguke.

Msicheke. Hatujafika pa kucheka.

Kwanza ujueni mgongo wangu, kwa kuwa vita hivi vilipiganwa humo. Miaka yote ya ubawabu kazi yangu ilikuwa kufungua lango na kuinama. Gari la meneja likija, nainama. Gari la msaidizi wa meneja, nainama. Gari la mke wa msaidizi wa meneja, ndani yake hamna mtu ila dereva na mbwa, nainama vilevile, na mbwa ananitazama kama anayesema, endelea. Amri hiyo haikuandikwa popote. Lakini bawabu aliyenitangulia alisimama wima asubuhi moja, na mchana hakuwa na kazi. Basi mgongo ukajifunza wenyewe. Ikafika mahali sauti ya mkubwa yeyote ikigonga sikio, kiuno kinakunjika kabla akili haijauliza ni nani. Hata waziri akihutubia redioni, mimi nainamia sahani.

Mke wangu, Mungu amlaze mahali pema, jambo hilo lilimkera kuliko ulevi. Tukipishana na mkubwa njiani, alikuwa akinishika shati kwa nyuma na kunivuta, kama mtu anayezuia mbuzi asiingie shambani. "Baba watoto," alikuwa akisema, "hivi mimi niliolewa na mtu mzima, au niliolewa na miguu tu, mgongo ukabaki kwa mabosi?"

Sasa, binti yetu anafua mashuka katika meli ya watalii. Wenye meli, ambao wao wanalala juu penye madirisha, wana utaratibu wao: mfanyakazi akikaa muda mrefu bila kosa, wazazi wake wanachukuliwa safari moja, wanapewa chumba cha chini kabisa, jirani na mashine za kufulia, ambako usiku na mchana hujulikana kwa kubahatisha. Binti akatuletea habari hiyo pamoja na picha. Ndani ya picha watu wamesimama juu ya vigari, kwenye uwanja wa mawe ulio kileleni mwa mji fulani, na bahari yote iko chini ya miguu yao. Mama yake akaibandika kwenye kabati la vyombo.

"Hapa," akatamka, kidole juu ya picha, "nitasimama mimi. Wewe utanishikia mkoba."

Nikasema sawa.

Kisha akaugua. Mkubwa wa hospitali akasema turudi Jumatatu, kwa kuwa mashine ya kupimia ina mwenyewe, na mwenyewe yuko semina. Jumatatu ilikuwa mbali. Sitasema zaidi, wakubwa wanajijua.

Ndiyo sababu nilipanda meli na ule mkoba. Mweusi, wa kamba ndefu, ndani yake mna kitana, leso na pipi za kifua. Kuushika niliahidi, na aliyeahidi kusimama kileleni hayupo, basi ikanilazimu mtu mmoja nibebe zamu mbili. Nafasi iliyobaki aliichukua dada yake, yaani shemeji yangu, mshonaji wa sare za shule, mwanamke ambaye ulimi wake unashona bila cherehani.

Ikawa asubuhi meli ikafunga gatini katika mji wa watu, ule wa kwenye picha, nasi tuliojiandikisha kwa ziara tukapelekwa nyuma ya bohari, penye sakafu ya saruji na koni za plastiki. Hapo ndipo nilipoviona kwa macho yangu: ubao wa kusimamia, gurudumu huku na gurudumu huku, na mpini mmoja mbele kama jembe lililosimikwa. Wenyewe wanakiita segwei. Na juu ya kimoja, akituzunguka kama mwewe anayechagua kifaranga, alikuwa Mkuu wa Ziara: shati jeupe, suruali nyeupe, filimbi kifuani, simu ya upepo kiunoni. Nilipomwona tu, kiuno kikanicheza.

Akapuliza filimbi, akanena:

"Mabibi na mabwana! Kigari hiki hakina breki, hakina gia. Kinasoma mwili wako. Ukiinama mbele, kinakwenda. Ukinyooka, kinasimama. Ukilalia nyuma, kinarudi. Rahisi! Sheria ni moja, nimeiweka mimi na haina rufaa: atakayekanyaga chini kabla sijasema shukeni, hata kwa ncha ya kidole, amekwisha. Atapanda lile gari dogo pamoja na wagonjwa wa magoti. Watakaofika juu wakiwa wamesimama watapiga picha na Nahodha mwenyewe. Wa kwenye gari watapitia mlango wa jikoni."

"Mimi nawahi siti ya dirishani," akasema shemeji. "Magoti yangu nayapenda. Na wewe shemeji, njoo huku. Watakuokota kwa koleo."

"Ewe dada wa marehemu," nikamjibu kwa sauti ya kusikika, "sikuvuka bahari ili niingie kwa mlango wa jikoni!"

"Haya, kofia yako basi. Umeivaa nyuma mbele."

Nikaigeuza kofia ngumu, nikauweka mkoba kifuani kama ngao, nikapanda. Na tazama, nilisimama! Kile kigari kilitetemeka kidogo kama punda anayenusa mpandaji mpya, kisha kikatulia. Nikaenda hatua chache, nikasimama, nikazunguka koni. Moyo ukaanza kuimba.

Ndipo Mkuu akaniona.

"Wewe mzee wa mkoba! Wewe ndiye mgeni wa mfanyakazi, siyo?"

Sauti ya mkubwa. Mgongo, msaliti yule niliyemlisha miaka yote, ukakunjika. Na kigari, kisichojua heshima wala adabu, kikasoma ule mkunjo kuwa ni amri ya vita. Kikafyatuka! Koni zikaruka kulia na kushoto kama askari waliosikia mshahara umechelewa. Mkuu akayumbisha chake pembeni, nami nikapita palepale alipokuwa, upepo wa mkoba ukimpiga shavuni.

Nikajinyoosha kwa shida mbele ya ukuta wa bohari. "Samahani, mkuu," nikasema, nimekwisha kugeuka, na kwa kuwa kwetu samahani huombwa kwa kuinama, nikainama. Nikamwendea kwa mara ya pili.

"Mzee! Unanifukuza kwa nini?"

"Sikufukuzi, mkuu! Nakuheshimu!"

"Basi acha kuniheshimu!"

"Siwezi, mkuu!"

Tukazunguka ile saruji, yeye mbele na mimi nyuma, yeye akipiga filimbi na mimi nikiomba radhi, na kila radhi ikiniongezea mwendo. Dirishani mwa gari dogo shemeji alikuwa amelaza kichwa juu ya mikono yake, mabega yanatikisika.

"Nyooka, shemeji!"

"Nimenyooka!"

"Umenyooka wapi? Umekunjika kama kisu cha mfukoni!"

Hatimaye Mkuu akapata akili ya kunyamaza. Aliponyamaza nikanyooka, na kigari kikasimama. Akanitazama viatu kwa muda mrefu, akitafuta kosa.

"Hujakanyaga chini," akasema kwa uchungu.

"Sijakanyaga," nikakiri, nikiwa nimefumba macho ili nisimwone.

"Basi siwezi kukutoa. Lakini nakutazama."

Tukaondoka. Maharusi wawili waliokuwa wanashikana mikono walivutana kwenye kona ya kwanza, wakakanyaga chini wote pamoja, wakaingia garini, na sidhani kama walijuta. Mji ukatupokea: maduka ya viatu, kinyozi aliyetoka nje na mteja mwenye povu, mama aliyekuwa anafagia ngazi akasimama na fagio lake kana kwamba ni bunduki ya saluti. Mkoba ulikuwa unagonga mpini, basi nikausukuma mgongoni. Kumbukeni nilivyousukuma mgongoni.

Kisha kilima. Enyi mliosoma, mtaniambia kilima hupandwa kwa nguvu. Mimi nilikipanda kwa heshima! Maana kigari kinataka mtu aliyeinama, na nani duniani ameinama kunishinda? Nikawaita wakubwa wangu wote mbele ya macho, mmoja baada ya mwingine. Meneja, huyo anakuja: nikainama, nikapita duka la mikate. Msaidizi wake: nikainama, nikapita posta. Nilipofikia yule mbwa nilikuwa nimewaacha wenzangu wote nyuma, na nyumba zinapita kama nguo kwenye kamba.

"Mzee, polepole!" Mkuu akafoka kutoka mbele.

Angenyamaza. Sauti ile ilinisukuma nikampita kwenye kona, na filimbi ikabaki mdomoni mwake bila pumzi.

"Shemeji, msalimie Mungu ukifika!" nikasikia kutoka garini.

Nikafika. Uwanja wa mawe ule ule wa kwenye picha. Kulia kidimbwi cha samaki wekundu, kushoto mlango wa jikoni, ambako gari, lililopita njia ya mkato, lilikuwa tayari linawashusha watu wake, na mbele kabisa ukuta mfupi, kisha bahari. Mahali pale pale penye alama ya kidole chake. Zilibaki hatua chache tu, niende nisimame, nimekwisha kutimiza.

Ndipo Nahodha alipotokea, akasimama katikati ya njia yangu.

Ndugu zangu, wakubwa niliowaona maishani walikuwa wanafunzi wa huyu. Mweupe kuanzia kofia hadi viatu, mabega yanawaka dhahabu, kikombe cha kahawa mkononi. Mkuu akanifikia ubavuni akihema, jasho linamtoka.

"Mzee wangu," akaninong'oneza, na sasa nilikuwa mzee wangu, "huyu usimheshimu. Nakusihi. Nina watoto."

"Karibuni sana!" akanguruma Nahodha.

Sauti ile ikashuka sikioni, ikapita shingoni, ikafika kiunoni ikagonga mlango. Nikausikia mgongo ukianza. Mfupa wa kwanza ukakubali, wa pili ukakubali. Magurudumu yakajongea. Nikaona yote kama yamekwisha kutokea: nampiga Nahodha, nakanyaga chini, naingia kwa mlango wa jikoni, na mkoba haufiki.

Na hapo, kwa nyuma, nikavutwa.

Ulikuwa ni mkoba. Uliyumba mgongoni, kamba ikanikaza kifuani, ikanirudisha nyuma, kidogo tu, kwa ule uzito wa kitana na leso na pipi za kifua. Lakini mimi mvuto ule naujua. Nimeishi nao. Ni mkono unaoshika shati.

Nikanyooka.

Mfupa kwa mfupa nikanyooka, mbele ya dhahabu yote ile, kidevu juu, nikimtazama mkubwa usoni kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe. Alikuwa na macho ya kawaida tu, jicho moja lina tongotongo. Kigari kikasimama kama kilichopigwa msumari.

"Habari za kazi, Nahodha!" akasema Mkuu wa Ziara, naye, aliyetufundisha wote, akainama mpaka filimbi ikagusa mpini.

Sasa chekeni.

Alipita kama aliyetumwa. Nahodha akaruka huku, kahawa ikaruka kule, na Mkuu, angali ameinama, maana na yeye mgongo wake una wenyewe, akaelekea kidimbwini akiomba radhi. Maji yakapanda. Kigari kikabaki ukingoni. Mkuu akasimama katikati ya samaki, suruali nyeupe imekuwa kijani.

Sauti moja tu ikatoka mlangoni mwa jikoni.

"Amekanyaga chini!" akapaza shemeji. "Hata kwa ncha ya kidole, si ulisema? Gari lile pale, baba. Nakuachia siti yangu ya dirishani."

"Ni sheria ya nani hiyo?" akauliza Nahodha, akijifuta kahawa.

"Ya kwake mwenyewe," tukajibu wote.

"Basi apande."

Nikasogea hadi ukutani, taratibu, nikasimama. Bahari ilikuwepo, yote, kama ilivyoahidiwa. Nikauleta mkoba mbele, nikaushika kwa mikono miwili. Nahodha akaja kusimama ubavuni mwangu kwa picha.

"Mzee, mbona umesimama kama mlingoti?"

"Ndivyo nilivyo siku zote," nikamwambia, na shemeji akakohoa.

"Na huo mkoba?"

"Wa mke wangu. Namshikia."

Hakuuliza tena, na kwa hilo nampa heshima yake, bila kuinama.

Jioni, katika chumba kisicho na dirisha, binti akaingia kutoka kazini na suruali nyeupe mkononi, inanuka samaki. "Baba," akasema, "wameniletea hii niifue, na huko juu wanalitaja jina lako. Umefanya nini leo?"

"Nimesimama," nikamwambia.

Basi enyi mnaotunza siku kubwa za ulimwengu, vita vilivyokwisha na wafalme walioanguka, itafutieni nafasi na hii. Picha iko kwenye kabati la vyombo, kando ya ile ya kwanza. Atakayekuja ataona bahari, ataona mkoba, ataona mgongo. Na pembeni kabisa, kwenye dirisha la gari dogo, ataona mkubwa mmoja aliyelowa, amekaa siti ya shemeji yangu.