Ombi la Kulipwa Riba ya Nia Njema

Naguru, Kampala
Jumatatu, siku mbili baada ya darasa

Ndugu Mwenyekiti,
Chama cha Akiba cha Askari Wastaafu,

Nakuandikia nikiwa na afya njema na hasira ya kiasi. Shauri langu linahusu darasa la fedha ulilotuitia Jumamosi kule Wandegeya, juu ya duka la kupiga chapa. Wastaafu kumi na wanne wenye nishani tulipanda ngazi tukitarajia kumkuta mtaalamu mwenye tai. Tulimkuta Mama Hortense, Mkongomani muuza vitenge, aliyeingia Uganda na mfuko mmoja na watoto watatu, na ambaye leo, kwa maneno yake mwenyewe, ana maduka mawili na nyumba. Malalamiko yangu ni haya:

1. Alimtaka kila mmoja aandike kiinua mgongo chake kilikwenda wapi. Mwenyekiti, katika miaka thelathini na minne ya upolisi nimehoji watu wengi. Sijawahi kuhojiwa na muuza nguo. Hata hivyo niliandika kwa uaminifu: gari, sherehe ya kuniaga, fahali wawili na maturubai, na biashara ya samaki ya mpwa wangu Lawrence, ambayo mpaka leo imenilipa sangara mmoja. Fedha zote ziliisha kwa miezi saba. Mama Hortense aliisoma karatasi, akaikunja, akanirudishia, akamwita anayefuata. Katika polisi, kumpita sajini namna ile huitwa utovu wa nidhamu.

2. Alisema tuanze kuweka shilingi elfu mbili kila wiki. Elfu mbili ni bei ya chapati na yai pale nje mlangoni. Mtu wa cheo changu hawezi kuanza utajiri kwa kiasi ambacho mwanafunzi anakila akisubiri mvua ikatike.

3. Alieleza kwamba riba huzaa, na watoto wake nao huzaa, mradi mtu asiwachinje wangali wadogo. Nikamuuliza itachukua muda gani. Akajibu, "Mzee wangu, miaka thelathini, kama hutaigusa." Mimi nina hamsini na tisa. Yaani nitatajirika nikiwa na themanini na tisa, nikihitaji mtu wa kunishika mkono nikauone utajiri wenyewe. Nilipomwambia kwamba kosa ni lake kwa kuchelewa kuja Kampala, wenzangu walicheka. Okidi, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kupiga saluti, alicheka mpaka akapaliwa.

Kwa hiyo naomba rasmi akiba yangu ihesabiwe kuanzia mwaka 1987, nilipoajiriwa. Ni kweli sikuweka kitu. Lakini nia nilikuwa nayo kila mwisho wa mwezi, na kilichonizuia ni kwamba hakuna afisa aliyeniamuru. Askari hafanyi asichoamriwa. Chama kinilipe riba ya nia hiyo. Mkiona ni nyingi, lipeni kwa mafungu. Mimi si mtu wa kubana watu.

Aidha, Mama Hortense arudi kwenye vitenge vyake, na nafasi yake apewe mtu aliyewahi kushika fedha nyingi kwa mkupuo, kama mimi, kwa maana huyo anajua jinsi zinavyoondoka.

Wasalimie wanakamati wote na familia zao, na Okidi akishapona koo.

Wako mtiifu, ingawa nimedhulumiwa,
Sajini Mstaafu Okullo

Tanbihi: Nilipomaliza kuandika nilimwomba mke wangu, Abalo, bahasha. Alifungua sanduku lake la bati, na katika kupekua ikatoka hati ya kiwanja cha Matugga, yenye majina yetu sisi wawili. Alikinunua miaka tisa iliyopita kwa fedha za nyanya anazouza nyuma ya kambi ya polisi. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ningekuambia, kingekuwepo?"

Ombi la riba nimelifuta. Barua naituma hata hivyo, kwa kuwa bahasha imeshatolewa. Jumamosi nitakuja tena darasani; naomba kiti cha mbele, sikio langu la kushoto ni zito. Nilimkaribisha Abalo tuje pamoja. Amesema Jumamosi ndiyo siku yenye wateja.