Majani ya Kulinda Nyumba

Jumatatu, tarehe 7 Julai 2003

Habari kutoka Beni. Dereva wa kamyo kaleta neno la Kahindo, mke wangu, aliyekimbia na watoto mwezi wa tano risasi zilipozidi hapa Bunia. Anarudi Jumamosi ya wiki ijayo. Anasalimu. Halafu anasema kama atakuta nyumba vile anavyoifikiria, hatashusha hata begi moja, atageuka na kamyo ile ile, yeye na watoto, na safari hii nisimngoje. Dereva aliyasema yote mbele ya majirani, polepole, bila kuruka kitu.

Nimeitazama nyumba. Tuseme haki, si mbaya sana. Sufuria zimelowekwa, tangu lini sikumbuki. Saloni, chumba cha wageni, imejaa redio za wateja waliokimbia, zote matumbo nje, maana mimi ni fundi redio na fundi hafichi kazi yake. Kuku wa mtu ametaga ndani ya kiatu changu cha kanisani. Chini ya kitanda kuna kitu kinachonuka ambacho sijakichunguza. Ukisimama mlangoni, jioni, ni nyumba kama nyumba nyingine.

Namtaka Kahindo arudi. Naandika wazi kwa kuwa hakuna anayesoma. Kula peke yangu kumenichosha, na sauti za watoto zimenipotea masikioni. Lakini ufagio na mimi hatukuumbiwa pamoja. Lazima iko njia nyingine.

Jumanne, tarehe 8 Julai

Jirani Xavier tena. Mke wake naye yuko Beni, lakini yeye kila asubuhi kra, kra, kra, anafagia parseli, uwanja wake wote, mpaka udongo unabaki na mistari. Leo akaniuliza juu ya ua kama nataka kuazima ufagio wake. Wapita njia walisikia.

Nikamjibu kwamba wakati huu wa vita, uwanja uliofagiwa unamwambia kila mwenye bunduki: hapa wamo watu, hapa iko matela ya kulalia, hapa ziko sufuria. Nilisema tu ili anyamaze. Kisha nikakaa chini, nikafikiri. Kumbe ni kweli! Mwezi wa tano waporaji walimbebea Xavier hadi pazia. Kwangu walichungulia mlangoni, mmoja akamuuliza mwenzake kama wenzao walishapita, wakaondoka.

Mpango umepatikana. Sifagii, sikati majani. Kahindo akiuliza, nilikuwa nalinda nyumba yake.

Alhamisi, tarehe 10 Julai

Mvua nzuri. Majani yamefika magotini.

Nimeongeza ujuzi. Dirisha moja nimelining'iniza upande, na njiani nimetupa kiatu kimoja kibovu, ionekane watu walikimbia. Tena nimegundua kwamba ukila juu ya jani la mgomba, hakuna sahani ya kuosha. Wanawake wametuficha jambo hili miaka yote.

Xavier analalamika kwamba panya wanatoka kwangu kwenda kwake. Nikamwambia panya hawana bunduki. Akarudi kufagia.

Jumapili, tarehe 13 Julai

Kanisani, baada ya ibada, Muzee Isidore, shefu wa avenyu yetu, yaani mkubwa wa mtaa, alisimama. Watu waliokimbia vita wanazidi kuingia Bunia, wengine wanalala mvuani. Nyumba zilizoachwa wazi zitapewa familia mpaka wenyewe warudi. Anayejua nyumba ya namna hiyo amwambie. Nilipiga makofi kuliko wote. Wazo zuri, hasa kwa nyumba za wengine.

Jumanne, tarehe 15 Julai

Balaa. Nilikuwa nimelala saloni, saa sita mchana, shuka mpaka kichwani kwa ajili ya nzi. Mlango ukafunguliwa. Mwanamke na matela kichwani, watoto nyuma yake, Muzee Isidore nyuma ya watoto. Mwanamke akapiga yowe kwamba humu iko maiti. Muzee akavua kofia na kuanza sala. Nilipoinuka kuuliza kuna nini, aliyetangulia kufika barabarani ni yeye, na ana miaka sabini.

Aliporudi alieleza. Aliambiwa nyumba hii haina mtu. Alipita mwenyewe akaona majani, dirisha, kile kiatu njiani, akamwonea huruma marehemu Papa Ushindi. Yaani mimi. Nikauliza nani alimwambia. Xavier alikuwa anafagia karibu kabisa na ua, mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kufagia.

Nilitaka kuwafukuza. Lakini yule mama, Joséphine jina lake, ametoka upande wa Kasenyi kwa miguu, na miguu ya watoto wake niliiona. Mdogo alikuwa ameshalala kati ya redio zangu. Haya ikanishika. Nikasema wabaki.

Ndipo nikakumbuka. Mwanamke. Ufagio. Jumamosi Kahindo. Karibu niimbe.

Jumatano, tarehe 16 Julai

Mama Joséphine hakungoja kuambiwa. Alisema watoto wake hawalali humu kabla hajasafisha. Majani amefyeka. Sufuria amezisugua na majivu mpaka zinaakisi sura. Kitu cha chini ya kitanda kilikuwa begi la shule la mtoto wetu Ushindi, na ndani yake parachichi la mwezi wa tano. Amelitoa nje kwa fimbo ndefu.

Nilisaidia. Kila alipofika nilipokaa, nilihama.

Xavier alikuja kumwazima ufagio wake, amechana nywele. Nikamwambia hatuhitaji.

Jumamosi, tarehe 19 Julai

Asubuhi nilimtuma Mama Joséphine na watoto wake mtoni kuchota maji, wakae sana, ili sifa ya usafi isigawanywe. Saa nne kamyo ikasimama. Watoto wakanirukia, nikalia kidogo. Kahindo akaniangalia, akaangalia uwanja wenye mistari. Nikafungua mikono na kusema yote haya nimefanya peke yangu.

Aliingia. Akapitisha kidole juu ya meza. Akaona sufuria zimepangwa, ndogo ndani ya kubwa. Akaona skrubu zangu zimetengwa ndani ya makopo. Kila chumba uso wake ulizidi kuwa mgumu. Akarudi mlangoni akaniuliza, kwa sauti ndogo sana, huyo mwanamke iko wapi. Akasema tangu amzae Ushindi hajaona mimi najua ufagio unalala wapi.

Nikaapa hakuna mwanamke. Hapo hapo Mama Joséphine akaingia na ndoo kichwani, bila hodi, akaniuliza: "Papa Ushindi, maji niweke wapi?"

Kahindo akachukua begi. Akawaita watoto warudi kamyoni. Nikawaza ile meza, na mimi peke yangu mezani. Dereva alizima moto wa gari ili asikie vizuri.

Aliyeniokoa ni Mama Joséphine. Alitua ndoo, akasimulia vile alivyoikuta nyumba. Majani. Dirisha. Maiti. Sala ya Muzee Isidore. Kuku na kiatu. Kadiri alivyonivua nguo mbele ya watu, ndivyo uso wa Kahindo ulivyolegea. Aliuliza na chini ya kitanda je. Aliposikia parachichi, akakaa juu ya begi lake akacheka mpaka machozi. Akamwambia dereva aende, huyu ni bwana wake kweli, hajaguswa na mtu.

Jumapili, tarehe 20 Julai

Wanawake wawili wameelewana tangu jana. Mama Joséphine anabaki kwetu mpaka njia ya Kasenyi itulie. Kahindo ameninunulia ufagio wangu mwenyewe. Nimefagia mbele yote, huku Xavier ameegemea ua akinionyesha nilipoacha.

Lakini nimefikiri sana. Usafi karibu univunjie ndoa. Uchafu ndio uliosimama kunishuhudia, na bila parachichi lile leo ningekuwa mtu wa peke yake. Mwenye akili hawezi kusafisha ushahidi wote. Nyuma ya choo nimeacha majani yaote, na sufuria moja, ndogo, nimeificha humo bila kuiosha. Huwezi kujua.