Websaiti Yetu Haiendi Amerika Bila Mchunguzi

Tabaka,
Jumanne, 17 Novemba 1998

Kwa Mwenyekiti Manasseh Ontiri,
Chama cha Wachongaji wa Mawe, Tabaka.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

YAH: KUPINGA WEBSAITI YETU KUPELEKWA AMERIKA KAMA YATIMA

Nakuandikia nikiwa mzima wa mwili, isipokuwa moyo. Jumapili hii chama kitapiga kura kuhusu mahali pa kukaa websaiti yetu. Ama ibaki hapa mjini Kisii ndani ya kompyuta ya Mehul, yule kijana wa duka la fotokopi, ama iende kwa kampuni fulani ya kompyuta huko Ohio, Amerika, kama anavyotaka Okemwa wa Ikonge, anayesoma huko na ndiye aliyetuandikia hizo kurasa zenye picha za mawe yetu. Nasikia kura ziko sawa kwa sawa na wewe ndiwe utakayekata. Nimeona heri nikuelimishe kabla hujakata vibaya.

Unanijua. Mimi si mtu wa kutishwa na neno "ng'ambo". Nimebeba masanduku ya Wajerumani katika hoteli ya Mombasa miaka miwili na nusu. Nimefika Namanga mara mbili. Uwanja wa ndege wa Nairobi nimeingia ndani kabisa, hadi pale askari aliponiuliza naenda wapi. Shule niliiacha darasa la sita kwa sababu walimu walikuwa wamebakiza kidogo tu cha kunifundisha. Basi soma malalamiko yangu, nimeyapanga kwa namba kama serikali.

1. Hakuna esigani aliyetumwa. Mwenyekiti, wewe ulipotaka kuoa, wakwe zako walimtuma esigani, mchunguzi, aje kwenu apeleleze kama kuna uchawi, kama kuna kifafa, kama kuna wanaume wa kulala hadi saa nne asubuhi. Alikaa kwa jirani siku tatu akijifanya anatafuta ndama aliyepotea. Alikuta makosa mawili, wakakusamehe. Sasa hii websaiti, ambayo imebeba mawe ya watu arobaini, tunaitoa kwa watu ambao hata ukoo wao hatuujui? Nimeuliza mlango wa hiyo kampuni ukoje. Okemwa ameandika kwamba hajawahi kuuona, kampuni anaijua kupitia kwa kompyuta tu, na kampuni yenyewe ndiyo iliyosema kwamba ni nzuri. Fisi amejiandikia barua ya sifa, na sisi tunamkabidhi mbuzi.

2. Esigani akihitajika, niko tayari. Nahitaji pasipoti, koti zito na wiki tatu. Nitakaa kwa jirani wa hiyo kampuni nikitafuta ndama.

3. Saa. Imethibitishwa kwamba hapa kukiwa mchana, kule ni usiku. Yaani sisi tukiwa tunapiga msasa, websaiti imelala, nayo ikiamka sisi tumelala. Tutaonana nayo lini? Hata mume na mke wakiishi hivyo, wazee huitwa.

4. Wanaomsema Mehul vibaya. Wanasema ana laini moja ya simu, na websaiti inagawana laini hiyo na faksi. Mteja akija kutuma faksi, Mehul anachomoa waya, websaiti inafungwa. Hiyo ndiyo kasoro? Hiyo ni adabu! Mgeni akiingia, mtoto huinuka kwenye kiti. Wanasema tena kwamba saa saba Mehul akienda kula kwa mamake anazima kompyuta, na stima ikipotea websaiti inapotea. Na wewe stima ikipotea huwa unafanya nini, unachonga? Kitu kinachokaa macho usiku na mchana bila kula, kwetu kina jina, na si websaiti. Ya Mehul naitembelea kila nikienda mjini. Mehul ananionyesha, iko hapo ndani. Nimeishika kwa mkono wangu. Ina joto. Ya Ohio utaishika wapi, Mwenyekiti?

5. Mama Orpah. Hapa naandika polepole, kwa sababu sina ugomvi na yule mama, na mkono wake siwezi kuulinganisha na wa mtu mwingine Tabaka nzima, ukitoa wangu. Tangu mumewe afe anachonga seti za sataranji, na wale farasi wake wadogo wana shingo nyembamba ambayo mimi nikijaribu navunja wanne. Kwa miaka yote hiyo madalali wamekuwa wakiwanunua na kuwauza Nairobi bila kutaja mkono uliowachonga. Mmoja alithubutu kukwaruza jina lake mwenyewe chini ya farasi. Kwenye websaiti ndiyo mara ya kwanza chini ya kazi yake pameandikwa ORPAH KEMUMA, TABAKA. Ni kweli kuna Mholanzi mwenye duka anayetaka kuuza seti hizo kwa jina hilo. Ni kweli pia ameandika kwamba kila akifungua anakuta pamefungwa, na asipoona vipande vyote kufikia Ijumaa hii, atachukua kwa dalali. Farasi wale wale, bila jina.

Lakini je, hiyo ni sababu ya mama yule kusimama mkutanoni na kuniita Omogaka, jina la heshima, kwa mdomo usio na heshima? "Omogaka, hiyo Amerika umeiona wapi, kwa kalenda?" Watu walicheka. Hata wewe ulicheka, niliona meno yako ya pande zote mbili. Jibu langu ni hili: Mholanzi ajifunze subira. Afungue saa tatu hadi saa saba, kama benki. Kwani yeye benki huenda usiku?

6. Msiba. Kila kitu chenye uhai hufa. Websaiti ikifia Ohio, nani atairudisha? Tulipofiwa ng'ambo mara ya mwisho tulifanya harambee tatu na mwili ukafika mvua ya pili. Sisi hatuzikwi kwa watu. Na kwa kuwa wewe ndiwe utakayekata kura, kaburi litachimbwa kwako, upande wa ndizi. Mwambie mama watoto mapema.

7. Kwa hivyo naomba (a) websaiti ibaki kwa Mehul, au (b) mimi nitumwe Ohio nikachunguze. Mkiipitisha (b), (a) inaweza kungoja.

Msalimie mama watoto, wasalimie wanakamati wote, hata wale wanaonipinga, maana hawakujichagulia akili. Mzee wako mwambie nitakuja kumwona na ndizi za kuiva.

Ni mimi, ninayekuheshimu kuliko unavyostahili,
Ishmael Mokaya
Mchongaji wa viboko wa mawe, daraja la kwanza

N.B. Alhamisi. Tryphosa mpiga chapa amekataa kuichapa barua hii upya, kwa hiyo ipokee ilivyo, lakini usiifuate. Leo nilipita kwa Mehul kuisalimu websaiti. Duka limefungwa, na karatasi mlangoni inasema wameenda arusini Kisumu hadi Jumatatu. Nilibisha hodi. Sijui nilitaka nani aitikie. Mama Orpah alikuwa ameketi kwenye ngazi, amekuja kumwomba Mehul asichomoe waya hadi kesho. Hakunicheka. Aliuliza tu, "Kwa hiyo jina langu limefungiwa humo ndani?" Nilikwenda posta nikampigia Okemwa simu, alipe yeye, nikamwamsha, nikamwambia kurasa alizo nazo aziweke huko Ohio sasa hivi na amwambie Mholanzi. Akauliza nani ameidhinisha. Nikasema Mwenyekiti. Akauliza anaongea na nani. Nikasema Mwenyekiti. Jioni nilipiga tena: Mholanzi ameona vipande vyote thelathini na viwili, na jina, na amesema anachukua. Kwa hiyo Jumapili kata upande wa Amerika, usitutie aibu. Okemwa akikupigia kuhakikisha, ongea kwa sauti nzito kidogo, na uanze kwa kumuuliza habari ya goti lake, maana nilimuuliza kwa kirefu. Nilikohoa pia. Kohoa.